KABLA YA KUPOKEA JOKOFU LA MSAADA

Hotuba ya ofisi ya miradi ya dayosisi kwa kamati za maendeleo za sharika na wageni kutoka sharika rafiki za Ujerumani

Tunashukuru kupewa nafasi hii kabla ya chakula cha mchana, ingawa tunajua kwamba kuwazungumzia majokofu watu wenye njaa ni kujitafutia lawama.

Tumeombwa tueleze kwa nini mwezi uliopita ofisi ya miradi iliandika barua kuwaomba marafiki zetu wasitume yale majokofu manane ya dukani waliyokwisha kutukusanyia. Tunajua barua ile iliwaumiza baadhi yenu. Usharika mmoja ulikuwa umeshapaka rangi chumba cha kuyaweka. Mzee mmoja wa kanisa alitupigia simu akauliza, tangu lini maskini akachagua? Swali lake ni la haki na tutalijibu. Lakini inabidi tuanzie mwaka 2021, kwa sababu kosa la kwanza lilifanyika ofisini kwetu.

Mwaka huo tulipokea kontena lenye vitanda vya hospitali, baiskeli na nguo, na ndani yake mlikuwa na majokofu mawili marefu ya milango ya kioo, kama yale ya kuuzia soda. Yalikuwa yametolewa katika duka la vyakula lililokuwa likifanyiwa ukarabati. Tuliyapeleka kwa kikundi cha akina mama wauza maziwa na mtindi ambao kibanda chao kiko huku tambarare, karibu na stendi. Mchungaji aliyaombea, tukapiga picha, na picha ikatoka katika jarida letu. Akina mama wakakopa SACCOS shilingi 1,200,000 ili wanunue maziwa mengi zaidi kwa wafugaji, maana sasa walikuwa na pa kuyaweka.

Mwezi haujaisha, mtunza hazina wao akaja kutuuliza kama mita ya LUKU imeharibika. Haikuwa imeharibika. Baadaye fundi mmoja mzoefu alitueleza kilichokuwa kikitokea. Majokofu ya namna ile hupimwa kiwandani kwa duka ambalo joto lake ni nyuzi 25, na kibanda chetu chenye bati, saa nane mchana, hupita 30 kwa urahisi. Kompresa ilikuwa haipumziki. Tena mipira ya milango ilikuwa imekakamaa, hivyo baridi ilikuwa ikitoka usiku kucha na umeme ukiifukuza. Tuchukue hesabu nyepesi. Jokofu la zamani linalokula uniti 10 kwa siku likilinganishwa na jipya linalokula 4, tofauti ni uniti 6. Kwa siku 365 ni uniti 2,190. Kama uniti moja ni shilingi 350, hizo ni shilingi 766,500 kwa mwaka, kwa jokofu moja. Mradi wa mtindi una faida ya senti kwa senti. Fedha kama hiyo haitokani na faida, inakula mtaji.

Mwezi wa nane moja likaacha kupoza. Gesi ilikuwa imevuja. Kibao cha nyuma kilisomeka R-404A, na fundi wa pale mtaani hakuwa nayo. Alikuwa na R-134a, iliyozoeleka sana kwenye friji za nyumbani, akajaza hiyo. Jokofu likapoza siku nne, kisha kompresa ikaungua, na lita 80 za mtindi zikamwagwa. Hatumlaumu fundi yule. Alifanya kama alivyofundishwa, na mtungi wa gesi iliyoandikwa pale ulikuwa mjini, kwa bei inayozidi thamani ya mtindi wote. Tunajilaumu sisi, kwa sababu karatasi ya kupokea ina sahihi yetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyezunguka nyuma ya jokofu kusoma kibao. Mkopo ulibaki. Akina mama waliumaliza kwa kuuza chai na maandazi, na iliwachukua karibu miaka miwili.

Baada ya hapo ndipo tulipoanza kujiuliza swali ambalo tungepaswa kuuliza mapema: jokofu zima, linalofanya kazi, kwa nini mwenye duka alitoe bure?

Jibu liko katika sheria, na sheria hizo si mbaya. Wengi wenu mnakumbuka habari za tundu katika tabaka la ozoni. Gesi iliyokuwa ikitumika zamani katika majokofu, R-12, ilikuwa miongoni mwa zilizolitoboa. Mwaka 1987 mataifa yalikubaliana huko Montreal kuziondoa gesi hizo hatua kwa hatua. Tanzania ilijiunga na mkataba huo mwaka 1993, na ilipofika mwanzoni mwa 2010 nchi zinazoendelea nazo zilitakiwa ziwe zimeachana na kundi la R-12. Hapa kwetu zilitungwa Kanuni za 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, za kudhibiti uingizaji wa gesi zinazoharibu ozoni.

Gesi zilizochukua nafasi yake, zikiwamo R-134a na R-404A, haziitoboi ozoni. Lakini zina kasoro nyingine: zikivuja hupasha dunia joto kupita kiasi. Kilo moja ya R-404A ni sawa na kilo 3,922 za hewa ukaa. Ya R-134a ni sawa na kilo 1,430. Basi tarehe 15 Oktoba 2016, jirani zetu wa Kigali wakiwa wenyeji, mataifa yaliongeza gesi hizi katika mkataba ule ule. Ratiba ya nchi nyingi za Afrika ni hii: matumizi yasizidi kiwango kilichowekwa kuanzia 2024, yapungue kwa asilimia 10 ifikapo 2029, asilimia 30 ifikapo 2035, asilimia 50 ifikapo 2040, na asilimia 80 ifikapo 2045.

Tunaomba wajumbe waishike ratiba hiyo, kwa sababu ndiyo inayotugusa mfukoni. Jokofu la dukani likitunzwa laweza kufanya kazi miaka 10 au 15. Anayepokea leo jokofu la R-404A atakuwa bado analo mwaka 2029, na pengine 2035. Kila hatua ya ratiba inapunguza gesi inayoingia sokoni, na kitu kikipungua sokoni sote tunajua bei yake inakwenda wapi.

Wenzetu wa Ulaya walitangulia. Kwa sheria yao ya 2014, majokofu ya dukani yaliyofungwa kiwandani yenye gesi kali kama R-404A hayakuruhusiwa kuuzwa yakiwa mapya kuanzia 1 Januari 2020, na kuanzia 1 Januari 2022 kikomo kikashuka hadi nguvu ya 150 tu, kwa hiyo hata R-134a ikawa nje. Kisha tarehe 1 Machi 2021 kikaja kibandiko cha umeme chenye herufi A hadi G kwa majokofu ya kuuzia bidhaa, pamoja na kikomo cha umeme ambacho jokofu jipya haliruhusiwi kukipita. Kikomo hicho kilikazwa tena mwaka 2023. Mwenye duka kule, akiona bili yake ya umeme na akisikia sheria inayokuja, anabadilisha majokofu yote kwa mpigo. Ya zamani yanakwenda wapi? Kuyaharibu kwa utaratibu kunamgharimu fedha. Kuyatoa kwa kanisa hakumgharimu kitu, na moyo wake unatulia. Tunasema haya mbele ya wageni wetu bila kuficha, kwa kuwa wao wenyewe walituambia hivyo hivyo jana jioni.

Na sheria imewafikia hata wao wanaotoa. Umoja wa Ulaya ulitunga sheria mpya mwaka 2024, na tangu 12 Machi 2025 vifaa vya kupozea vya aina zilizokwisha kukatazwa kuuzwa kwao, vikiwa na gesi yenye nguvu ya 1,000 au zaidi, haviruhusiwi kusafirishwa nje ya Umoja huo. Kati ya yale manane, picha za vibao tulizotumiwa zilionyesha R-404A matano na R-134a mawili. La nane kibao chake kilikuwa kimefutika. Hata kama tungekubali, marafiki zetu wangejiingiza matatani.

Ghana iliona mbali kabla yetu sote. Ilitunga sheria mwaka 2008 ya kuzuia friji za mtumba, ikaanza kuitekeleza kwa nguvu mwanzoni mwa 2013. Wafanyabiashara walilalamika sana, na wananchi pia, kwa sababu friji ya mtumba ilikuwa rahisi kununua. Ilikuwa ghali kuitumia tu.

Sasa turudi kwa mzee wetu wa kanisa. Kweli, sheria hizi zina mzigo, na mzigo huo haugawanywi sawa. Jokofu jipya linaloruhusiwa ni ghali dukani, na mama muuza mtindi hakuwahi kuitoboa ozoni. Ratiba inawapa nchi zetu muda mrefu zaidi kwa sababu hiyo. Lakini muda huo tukiutumia kupokea yaliyokataliwa kwingine, utakapokwisha tutakuwa na ghala la makopo na hakuna fundi anayejua mapya. Hapo ndipo tunapotofautiana na mzee wetu, kwa heshima zote.

Mapya mengi yanatumia propeni, inayoandikwa R-290. Ni jamii ya gesi ile ile tunayopikia, ila imesafishwa kwa kazi hiyo. Msije mkajaza jokofu kwa mtungi wa jikoni. Nguvu yake ya kupasha joto ni kama 3 tu, si maelfu, na inapoza vizuri kwa umeme kidogo. Si jambo geni pia. Mwaka 1993 kiwanda cha Foron huko Saxony, mashariki ya Ujerumani, ndicho kilichoanza kutoa friji za nyumbani zisizo na gesi za kutoboa ozoni wala hizi zilizofuata, zikitumia gesi za jamii hiyo. Saxony ndiko ilikotoka Misioni ya Leipzig, iliyofika Kilimanjaro mwaka 1893, kwa hiyo wakristo wa kaskazini hatuwezi kusema hatuwajui watu hao.

Hatari yake ni moja: inawaka. Kwa sababu hiyo kiasi chake kinawekewa mipaka. Kwa miaka mingi kanuni za kimataifa ziliruhusu gramu 150 tu katika mzunguko mmoja wa jokofu la dukani. Mwaka 2019 zikapandishwa hadi takribani gramu 500. Fundi anayechomelea bomba bila kuiondoa gesi kwanza, chumba kimefungwa na sigara mdomoni, atajiumiza. Tumewahi kumwona fundi akitafuta uvujaji kwa kiberiti. Kwa gesi ya zamani alikuwa anapoteza muda. Kwa hii atapoteza nyusi, tukimwombea heri.

Ndiyo maana katika barua yetu hatukusema "hapana" peke yake. Marafiki zetu walikuwa wametenga fedha za kusafirisha manane yale na kulipia bandarini. Tuliwaomba fedha hizo zinunue majokofu mawili mapya ya R-290, yaliyopimwa kwa joto la nchi kama yetu, na zilizobaki zimsomeshe fundi mmoja kijana VETA na kumnunulia vipimo vyake. Wamekubali. Mawili badala ya manane. Tunajua sharika sita hazitapata kitu mwaka huu, na usharika uliopaka rangi ni mmojawapo. Tutakuja kuzungumza nanyi mmoja mmoja.

Kwa zahanati tuseme neno moja. Jokofu la chanjo halimo kabisa katika habari hizi za kupeana. Chanjo nyingi zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8 usiku na mchana, na Shirika la Afya Duniani lina orodha ya majokofu lililoyapima kwa kazi hiyo. La soda, hata liwe jipya, halimo.

Kuanzia sasa kamati ikiletewa ahadi ya jokofu, tunaomba kabla ya barua ya shukrani itumwe kwanza picha ya kibao cha nyuma. Tutasoma jina la gesi, uzito wake, mwaka wa kutengenezwa, na joto la chumba lililokusudiwa. Kibao kikiwa kimefutika, jibu letu ni moja.

Limebaki jambo ambalo tunahitaji msaada wenu leo hii. Lile jokofu lililoungua sasa ni kabati la sukari na vikombe pale kibandani, na akina mama wanalisifu kwa kazi hiyo. La pili tulilizima mwaka jana, liko stoo ya dayosisi, na gesi bado imo ndani. Tukimpa muuza chuma chakavu atakata bomba kwa nyundo na yote itakwenda hewani. Inatakiwa fundi mwenye mashine ya kuifyonza na mtungi wa kuihifadhia. Kama kuna mjumbe anayejua karakana yenye mashine hiyo, hata iwe Arusha au Dar es Salaam, tafadhali atuone wakati wa chakula. Tuko meza ya karibu na mlango.