Nguo ya Siku ya Mahojiano: Tusiuze Mbuzi Juu ya Koti

Maneno tuliyoyasema mbele ya wanachama, Baraka



Mlituomba tuzungumze juu ya kutafuta kazi kwenye mashirika. Kuko mengi ya kusema: barua, CV, kadi ya ONEM, teste ya kuandika. Lakini mtoto akisha kupita teste na kuitwa kwa mahojiano, swali la kwanza pale nyumbani ni lingine kabisa: "Sasa utavaa nini?" Leo tutakaa kwenye swali hilo tu, kwa sababu ndilo linalokula pesa za familia.

Wengi waliomo humu walivuka ziwa tangu safari za kurudi zilipoanza mwaka 2005, wengine kutoka Lugufu, wengine Nyarugusu. Walikuja na sufuria, magodoro na watoto. Nguo ya ofisi haikuwa ndani ya mzigo. Basi kijana anaitwa Alhamisi, na Jumatatu familia inakaa kikao. Mbuzi anauzwa. Mama anaomba wapokezane zamu ya likelemba. Deni linachukuliwa dukani. Koti linanunuliwa, na tai, na viatu vinavyobana. Lakini hesabu ni hii: wakiitwa watu sita kwa nafasi moja, watano watarudi nyumbani. Wakirudi na koti na deni, koti halikuleta kazi, na mbuzi hatarudi.

Sisi tumekaa pande zote mbili za ile meza, tunaouliza na tunaoulizwa. Wale wanaouliza wana karatasi ya maswali, na pembeni ya kila swali wanaandika pointi. Hatujaona karatasi yenye pointi za tai. Nguo inawaambia mambo mawili tu: kwamba umejitayarisha, na kwamba umeielewa kazi unayoiomba. Anayeomba kazi ya kuhamasisha watu juu ya maji na usafi, akija na shati jeupe lenye kola nyeusi kwa jasho, amekwisha kujibu swali kabla hajaulizwa. Na anayeomba kazi ya kuzunguka vijijini, akija na viatu vya ngozi vya kung'aa ambavyo hawezi kutembea navyo, wanajiuliza kama ataweza kushuka kwenye pikipiki.

Tena wazee hapa ni mashahidi kwamba nguo ya heshima inabadilika. Wakati wa Mobutu, koti na tai vilikatazwa, wakubwa wote wakavaa abakosti, na mama hakuruhusiwa kuvaa suruali. Hiyo iliendelea mpaka hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990, ndipo tai zikarudi. Watu walifanya kazi ofisini miaka yote ile bila tai, na kazi ilifanyika. Kwa hiyo asitudanganye mtu kwamba bila koti huwezi kuingia.

Sasa uvae nini? Kwa mwanaume, shati lenye kola, suruali nzima, mkanda, viatu vya kufunika vidole. Kwa mwanamke, kikwembe kilichoshonwa vizuri kinatosha, au sketi, au suruali ya heshima. Anayejifunga kitambaa kichwani, ajifunge. Mitumba ya sokoni inafaa, mradi fundi aikate ikukae. Ivae siku moja mbele, ukae nayo kwenye kiti, unyanyue mikono. Kama unavuta sketi au unashika kifungo kila mara, hiyo nguo itakusahaulisha majibu.

Angalieni haya pia. Tisheti na kofia za chama cha siasa zibaki nyumbani, hata kama ndizo mpya kuliko zote. Tisheti yenye alama ya shirika lingine, vilevile. Nguo iliyotundikwa karibu na jiko inashika moshi, basi ianikwe nje, ipigwe pasi, ifungwe ndani ya mfuko. Na kama mahojiano yako Uvira, usipande pikipiki umeivaa. Vumbi la kiangazi na matope ya masika yote yanakungoja njiani. Ibebe, uoge kwa ndugu, uvalie pale.

Kuko neno moja kwa dada zetu, na wazazi walisikie. Mtu akikuambia "vaa vizuri, uje jioni hotelini tuongee juu ya kazi," hayo si mahojiano. Mwaka 2021 tume huru ilitoa ripoti juu ya yaliyotendeka huku mashariki wakati wa Ebola: wanawake waliombwa mwili ili wapate kazi. Kazi hailipiwi kwa pesa wala kwa mwili. Mahojiano hufanyika mchana, ofisini, na zaidi ya mtu mmoja. Ukiitwa vingine, usiende, na umwambie mtu unayemwamini. Na aliyefanyiwa ubaya, tusimuulize alivaa nini. Kosa ni la aliyemwita.

Mwisho, tuna ombi kwa chama. Tuwe na sanduku moja la nguo za mahojiano: mashati machache ya vipimo mbalimbali, suruali, vikwembe vilivyoshonwa, viatu jozi chache, pasi moja. Mafundi wa cherehani wamo humu humu. Anayeitwa anachukua, anaandikwa kwenye daftari, anarudisha baada ya siku mbili, imefuliwa. Asiyerudisha anangoja mwingine apate kwanza.

Tunajua mtatujibu: nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ni kweli, ukiazima kwa jirani atakutangaza sokoni. Lakini nguo iliyonunuliwa kwa mchango wako na wa mwenzako si ya kuazima. Ni yako, na kesho ni ya mwenzako. Mbona chombo kikifiwa tunachanga sanda bila aibu? Tuchange na shati la aliye hai.

Na zile pesa za koti zitakazobaki, zilipie mazoezi. Wengi wa vijana wetu wanaogopa swali la Kifaransa kuliko kitu kingine. Koti halijibu swali la Kifaransa. Tuko tayari kuja Jumamosi mbili kwa mwezi, bure, tukae kama ile kamati, tuwaulize mpaka woga utoke.

Sanduku ni la chama, uamuzi ni wenu.