Kasoro Ndogo, Msiba Mkubwa



Kampuni ya General Motors ya Marekani, iliyoasisiwa mwaka 1908, iliuza magari yenye swichi legevu ya kuwashia. Uzito wa funguo zinazoning'inia uliweza kuizima injini mwendoni, na mifuko ya hewa isifunguke. Wenye magari walipolalamika, wauzaji waliagizwa mwaka 2005 wawashauri kupunguza funguo. Ni mwaka 2014 ndipo magari yapatayo milioni 2.6 yalipoitwa yatengenezwe. Vifo 124 vililipiwa fidia.

Toka kambi ya Mbuya hadi bandarini Luzira, dereva akiripoti kasoro asidhihakiwe. Taarifa yake iandikwe, gari lisimamishwe, likaguliwe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.