Isaya Hakuona Haya Kuagiza Dawa



Pasaka ya 2020 iliangukia tarehe 12 Aprili, na makanisa yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya Corona. Siku nne baadaye, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17, Mulongwe ukatoka njiani mwake. Sisi wa Uvira hatuhitaji kukumbushwa mawe yale yaliyoshuka na matope kutoka milimani. Maelfu ya nyumba yalibomoka, watu makumi wakafa. Makanisa yaliyofungwa kwa ibada yakafunguliwa ili watu wapate pa kulala.

Maji yalipopungua, hatari haikupungua. REGIDESO huchota maji katika Mulongwe huo huo. Mitambo ikaharibika, mabomba yakakauka, watu wakarudi ziwani na bidoni. Kolera haikuletwa na mafuriko, tunaijua hapa mwaka hadi mwaka. Lakini vyoo vikizolewa na maji, inapata njia pana. Ndiyo maana mwaka ule ule watu wa afya walipita na chanjo ya kunywa.

Sasa tuseme kosa letu wenyewe. Siku zile tulimweka mama mmoja katika chumba cha maombi tangu jioni hadi alfajiri, akiharisha maji kama yale ya kuoshea mchele. Tuliomba kwa machozi, hilo hatulijutii. Ila hakuna aliyempa hata kikombe cha maji, kwa kuwa tulisema anafunga pamoja nasi. Kufunga gani huko! Alipofika kwenye kituo cha kolera, mishipa haikuonekana tena, wauguzi wakahangaika kutafuta pa kuingiza serumu. Mungu alimponya, kwa mikono ya watu ambao tuliwachelewesha usiku kucha.

Fungueni Isaya 38. Hezekia analia, Mungu anamwongezea miaka 15. Ahadi imekwisha kutoka. Hata hivyo nabii yule yule anaagiza tini ziwekwe juu ya jipu la mfalme. Je, sisi ni wa kiroho kuliko Isaya?

Kolera huua kwa kuukausha mwili, pengine kwa saa chache tu. Mgonjwa aanze kunywa pale pale: pakiti ya serumu ya kunywa ikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Akitapika, mngoje kidogo, kisha mpe tena polepole. Akiwa bado ananywa, apelekwe.

Kuanzia juma hili, chumba cha maombi kitakuwa na bidoni ya maji yaliyotiwa klorini, sukari, chumvi na kikombe. Akiletwa anayeharisha, wawili wampeleke mara moja kwa pikipiki, usiku au mchana, na wengine wabaki wakimwombea. Akina mama wamekwisha kutoa sukari. Klorini na pesa ya pikipiki bado. Wenye nacho wamwone shemasi baada ya ibada.