Tunapoombwa Kutumika



Mzee wa kanisa akisimama kutafuta walimu wa Shule ya Jumapili, sisi huinamisha vichwa, wala si kwa kuomba. Twasema, "Hatukusoma," au, "Labda mwakani."

Leo tumkumbuke William Jones. Alitekwa na kufanywa mtumwa akali mtoto, akaokolewa, akalelewa na wamisionari huko Bara Hindi. Mwaka 1864 alikuja Rabai kutumika. Mei 1885 Askofu Hannington alimwekea mikono kuwa shemasi, na Julai wakafunga safari ya Uganda kwa miguu, kupitia nchi ya Wamasai, njia ambayo wengi waliiogopa. Shemasi wa miezi miwili! Angeweza kusema kazi ya Rabai yamtosha, na nani angemlaumu? Lakini alikubali.

Hatuwaambii kwamba njia ilinyoka kwa sababu alikubali. Walipofika Mumias, Askofu alimwachia Jones sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu 50. Mwisho wa Oktoba aliuawa huko Busoga. Basi yule shemasi mgeni akabaki na watu wenye huzuni na hofu, na mwendo wa majuma mengi mbele yao. Februari 1886 aliwafikisha Rabai.

Jumapili hii mzee wetu atasimama tena. Darasa la watoto wadogo halina mwalimu.

Tuombe. Ee Bwana, tuondolee woga tutakapoulizwa. Amina.