Ukingo Juu ya Dari

 

Somo letu la leo ni Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8. Hapo Mungu anaagiza kwamba mtu akijenga nyumba mpya, sharti azungushe ukingo juu ya dari, asije mtu akaanguka na mwenye nyumba akawa na hatia ya damu. Nyumba za Waisraeli zilikuwa bapa juu, na jioni watu walipanda huko kupunga upepo na kuongea na wageni. Nyumba zetu za nyasi na mabati hazipandwi na mgeni. Je, sheria hii yatuhusu nini sisi?

Hebu tukumbuke. Tulipokuwa watoto, miaka ya 1980, mgeni alipofika alipewa kiti na maji ya kunywa, kisha mmoja wetu akatumwa dukani kununua sigara moja au mbili. Tuliporudi tulitumwa jikoni kuiwasha kwa kaa la moto. Na kwa kuwa sigara haishiki moto bila kuvutwa, tuliitia mdomoni tukavuta mara moja, mara mbili, tukarudi sebuleni tukikohoa, machozi yakitutoka. Wazee walicheka. Mgeni alipokea na kushukuru. Hakuna aliyeona kosa. Huo ulikuwa ukarimu.

Matangani sigara zilipitishwa kwenye sahani. Katika basi la Kisumu watu walivuta huku akina mama wamepakata watoto wachanga. Bibi zetu walikuwa na ndawa yao, na wazee waliopigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia walikuwa wamerudi na mazoea ya sigara walizogawiwa jeshini. Mwanamume asiyevuta aliulizwa kama ni mgonjwa.

Baba yetu mdogo ndiye aliyetufundisha kuendesha baiskeli. Ndiye pia tuliyemwashia sigara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote. Kikohozi chake tulikiita mafua, kisha tukakiita baridi ya usiku. Mwili ulipokwisha, daktari alisema ni saratani ya mapafu, nayo imeenea. Siku ya maziko tulikuwa tumekwisha kuwa wachungaji. Tulisimama mbele ya jeneza tukasema kwamba Mungu amempenda zaidi. Neno sigara hatukulitaja. Na nyuma ya hema vijana walikuwa wakipitisha pakiti.

Jioni mama mdogo alituita kando akauliza, "Mwanangu, ni Mungu aliyempa sigara, au ni sisi?"

Wapenzi, swali hilo lingali nasi. Maana habari hii haikuwa siri. Mwaka wa 1950, huko Uingereza, Richard Doll na Bradford Hill walikuwa wameonyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu. Mwaka wa 1964 serikali ya Marekani ilitoa taarifa yake kubwa yenye onyo hilo hilo. Sisi tulikuwa tukibeba kaa la moto miaka ishirini baadaye. Sigara huharibu moyo pia, huleta kiharusi, humdhoofisha mtu mbele ya kifua kikuu, na moshi wake humdhuru hata mtoto aliyelala chumba kile kile.

Kanisa nalo lilifanya nini? Uamsho ulipofika Maseno mwaka wa 1938, ndugu wengi waliokoka wakatupa kiko na pombe, nasi twamshukuru Mungu kwa ushuhuda wao. Lakini baadaye wengine wetu tuligeuza ushuhuda kuwa fimbo. Mvutaji tulimdharau, naye akajificha. Wengine tukanyamaza, tusimwudhi mzee wa kanisa. Dharau haikumponya mtu, wala ukimya haukumponya. Nikotini humfunga mtu kwa kamba. Aliyefungwa anahitaji mkono wa kumfungua.

Mwaka wa 2007 Kenya ilipata sheria ya kudhibiti tumbaku. Inakataza kutangaza sigara, kumwuzia mtoto, na kuuza sigara moja moja. Ni ukingo mwema. Lakini tukitembea hadi kibandani, je, hatuoni sigara moja ikiuzwa bado? Na vijana wetu je, hawaletewi vifuko vya nikotini vyenye harufu tamu, wakiambiwa kwamba havina moshi? Serikali huandika sheria. Ukingo wa nyumbani kwetu twapaswa kuujenga wenyewe.

Basi tufanye hivi. Tusimtume tena mtoto dukani kununua sigara. Mgeni tumpe chai. Matangani sahani ya sigara isipite. Na mchungaji anayezika aseme kweli kwa upole, ili walio hai wapate kuishi.

Nawe ndugu unayevuta, usizime redio. Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50, tangu 1951 hadi 2001. Waliona kwamba wavutaji walikufa mapema kwa kadiri ya miaka 10. Lakini aliyeacha akiwa na miaka 40 alijipatia kama miaka 9 ya hiyo. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alipata kama 3. Miaka mitatu ni mingi. Ni harusi ya binti, ni mjukuu kujifunza kutembea. Ukijaribu ukashindwa, jaribu tena. Mwambie mkeo, mwambie daktari, njoo kwa mchungaji wako. Hatutakucheka.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe sisi tuliowapa wageni wetu kitu cha kuwaua, tukadhani ni upendo. Utusamehe tulipokusingizia wewe kazi ya mikono yetu. Uwafungue waliofungwa, uwafariji wajane na yatima, utufundishe kujenga ukingo kabla mtu hajaanguka. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.