Amesainiwa? Nani Kasema?
Msikilizaji, lebo ya muziki ya WCB Wasafi ilipomtambulisha mwimbaji Zuchu Aprili 2020, lebo yenyewe ndiyo iliyotangaza, na EP yake ya kwanza, I Am Zuchu, ikatoka chini ya jina la lebo hiyo. Huo ni ushahidi kwamba amesainiwa. Picha ya msanii akiwa studio na bosi wa lebo si ushahidi. Huenda alikwenda kurekodi kolabo tu.

Ukipata habari kwamba msanii amesainiwa, tafuta aliyeisema kwanza. Kurasa kumi zikinakili chapisho moja, chanzo bado ni kimoja. Kisha fungua wimbo mpya kwenye Spotify, usome mstari wenye herufi P ndani ya duara: hapo huandikwa mwenye haki za rekodi. Lakini wakati mwingine hukaa jina la msambazaji, na kusambaziwa nyimbo si kusainiwa. Watangazaji wenzangu, naomba sana tuache kuchanganya mambo haya mawili. Chipukizi akidhaniwa ana lebo, prodyuza anaweza kumkwepa kwa kuogopa mgogoro wa mkataba.

Angalia pia tarehe. Mwimbaji Harmonize aliondoka WCB Wasafi mwaka 2019. Wimbo wa kabla ya hapo hauthibitishi alipo leo.