Sukari Tunayopeleka Nyumbani
Hotuba ya kamati ya afya kwenye harambee ya mwaka ya watu wa Kisiwa cha Pate

 

Mwaka huu hatukuja kuomba jengo. Tumekuja kuzungumzia kisukari, na tuanze kwa kujilaumu wenyewe. Tunaporudi Pate, Siyu, Faza au Kizingitini, zawadi yetu kwa mama ni nini? Mfuko wa sukari na katoni ya soda. Twaona tumemheshimu. Hatumuulizi alipimwa lini.

Wengi mnamkumbuka mzee wetu mmoja, mvuvi, aliyechomwa na mwiba mguuni asihisi maumivu. Kidonda kilikaa wiki kadhaa kikipakwa dawa za nyumbani. Alipovushwa kwa boti hadi Lamu ndipo akaambiwa ana kisukari, na mguu hauokoleki. Sukari iliyozidi mwilini kwa miaka ilikuwa imeshaua hisia za nyayo. Tone moja la damu ya kidole lingemwonya mapema.

Mtu akipimwa asubuhi kabla ya kula akapatikana na 7.0 au zaidi, na kipimo kikirudiwa kikawa vivyo hivyo, ana kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo, na hapo nafasi ingalipo. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kwamba watu waliokuwa karibu kuugua, walipopunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi kama kutembea dakika 150 kwa wiki, walipunguza hatari kwa asilimia 58. Hiyo ni nusu saa, siku tano. Wazee wetu walitembea kwa miguu kutoka Siyu hadi Faza. Sisi leo twapanda bodaboda hata kwenda msikitini.

Mwaka 2023 serikali ilianza kuwagawia wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye mashine ya kupima sukari. Lakini kila kipimo hutumia stripu yake, na zikiisha mashine ni pambo.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kwanza, stripu za mwaka mzima. Pili, friji ya sola, maana akiba ya insulini hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Tatu, nauli ya boti ya muuguzi, aje kila mwezi akague miguu, apime presha, na kabla ya Ramadhani amshauri kila mgonjwa kama anaweza kufunga na dawa azipange vipi.

Ndugu zetu, kila mmoja apige hesabu ya sukari na soda alizopeleka nyumbani mwaka jana, atoe thamani hiyo leo. Na safari ijayo, mpelekee mama viatu vya kufunika vidole, kisha mfuatane hadi zahanati mkapimwe nyote wawili.